Mbuzi Ya, Mbuzi Wa

Mchana nawatengenezea watu wa duka la mabuibui, Ruwi,
wanawake wasiotoka jasho.
Wanatembea mchangani mwezi wa Agosti kwa viatu virefu,
na upepo unawapuliza upande mmoja tu, ule wenye bei.
Naandika sentensi mbili, nasubiri,
jangwa linakuja limeshafagiliwa.
Tajiri anasema safi. Hulipa mwisho wa mwezi, akikumbuka.

Usiku, nyumbani Mabela, kiyoyozi kinakoroma,
mama akauliza: hicho chombo chako kinatoa chochote?
Chochote, mama. Wewe chagua.
Nilidhani atataka Makka.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.
"Mamaangu. Anakuna nazi. Uani, Limbani, mvua haijaanza."

Picha yake hatuna. Iliyokuwapo moja
ilibaki kashani, na kasha likabaki,
na mama hasemi lilibaki kwa nani.

Basi nikaandika: mwanamke wa makamo, mfupi,
kanga kaifunga kifuani,
amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Bibi yangu akaja, mrefu, meno thelathini na ziada,
kapanda beberu.
Beberu mweupe, mwenye ndevu, katulia tuli,
na bibi kaiinua nazi juu kama kombe la mpira.

Mama alinyamaza. Nikajua nimemvunjia marehemu heshima.
Kisha bega lake la kushoto likaanza,
likafuata la kulia,
akacheka mpaka kikohozi, mpaka dawa ya pumu,
mpaka Azan akatoka chumbani
akiuliza kwa Kiarabu nani kafa.

Niliandika mbuzi *ya*, nikajitetea, si mbuzi *wa*!
"Basi mwambie huyo msomi wako," akasema, akipangusa macho,
"arudi akaanze na ngeli."

Nikajaribu tena. Nikaeleza: kigoda cha mbao,
mbele kina ulimi wa chuma, ulimi una meno.
Ikaleta kiti cha kinyozi.
Ikaleta mamba.
Ya sita ikaleta kigoda, alhamdulillahi, na uani, na kuku,
ila nazi kila ikikunwa ilizidi kujaa,
na chicha ilipanda juu badala ya kuanguka.

"Siye," mama akasema. Safari hii hakucheka.
"Mama alikaa upande, kwa ajili ya nyonga.
Na kile kipande cha mwisho, kinachokataa kukunika,
alikuwa akinipa bila kunitazama. Mkono nyuma. Hivi."

Mkono wake ukaenda nyuma ya kochi,
kiganja juu, kitupu,
ukakaa hapo.

Nilikuwa na salio la video tatu.
Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi
na sikujua *hivi* inaandikwaje.
Ningesema pembe ya kiwiko? Ningesema saa ngapi,
mtoto wa miaka mingapi anangoja nyuma ya mgongo?
Nikaiweka simu kifudifudi.
Nikanyoosha mkono, nikakitwaa kile kipande.
Mama hakugeuka. Akafumba kiganja,
akauliza kama nimezima jiko.

Asubuhi, kabla sijaondoka kwenda kuwavisha wanawake wa Ruwi,
nikakuta amekwisha kuwapelekea ndugu zake wote
ile ya kwanza, ya beberu:
Sharja, Doha, Wete.
Mama mdogo Ghaniya, wa Doha, amejibu kwa sauti,
dakika mbili kicheko kitupu, kama cha mama, kama changu,
na mwisho kabisa, pumzi imemkatika, anasema:
"Lakini Shinuna, hebu tazama vizuri.
Fundo la kanga ni lake."

Nimelitazama njia nzima, kwenye kila taa nyekundu.
Fundo lenyewe sikuliandika.